Kazi ya kumsemea punda

Msikilizaji, ukitaja ajira ya ustawi wa wanyama, wengi humfikiria daktari wa mifugo na sindano yake. Iko nyingine isiyotangazwa sana: ya kuwashawishi watunga sera.

Tazama mkasa wa punda. Mwaka 2012 Kenya ilimwingiza punda katika orodha ya wanyama wa kuchinjwa kibiashara, na machinjio yakafunguliwa, Naivasha ikiwamo. Nyama haikuwa hoja. Iliyotakiwa ni ngozi, ichemshwe huko China itoe ejiao, dawa ya asili. Wezi wakaingia mazizini usiku. Muuza maji akaamka, mkokoteni upo, wa kuuvuta hayupo.

Watetezi hawakuishia kuomba huruma. Walieleza hasara ya muuza maji huyo kwa lugha ambayo wizara inaielewa: kipato. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Kazi ikahamia Addis Ababa, ambako Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliridhia kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote.

Kijana wa sheria, uchumi au uandishi ana nafasi hapa, mradi ajue kusoma muswada na awe na subira. Mshahara, tuseme kweli, mara nyingi hutegemea wafadhili. Kwa aliyeko Tanzania, iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Anayeitamani kazi hii na aanze kwa kuisoma.