Nyonga ya Mzee Ikivunjika



Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni mafaili. Lakini mwaka 2019 bibi yangu, mwenye miaka 84, aliteleza uani akavunjika nyonga. Mwenyewe alikubali kupasuliwa. Wajomba ndio waliokataa katakata, wakisema mzee hapasuliwi. Kikao cha ukoo kikanituma kwa daktari.

Daktari alinichorea picha. Uzeeni, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, mifupa hupungua uzito ikawa na vitundu kama sifongo. Hali hiyo huitwa osteoporosisi. Kichwa cha mfupa wa paja hupata sehemu kubwa ya damu yake kwa mishipa inayopanda kwenye shingo ya mfupa huo. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa hukatika na kichwa huweza kufa. Kwa hiyo mzee huondolewa kichwa hicho akawekewa cha chuma. Palipovunjika chini ya shingo, damu ni tele na mfupa huunga. Hapo hutiwa skrubu nene na bamba, au msumari mrefu ndani ya mfupa. Kazi hiyo si nyepesi: skrubu katika mfupa wa namna hii ni kama msumari katika mti ulioliwa na mchwa.

Wajomba sikuwaficha hatari. Hata katika nchi tajiri, wazee wanaofariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika nyonga hukaribia robo. Lakini kulala majuma mengi mguu ukivutwa kwa mawe ya uzani huleta vidonda vya mgongo, kichomi na damu kuganda. Daktari alitaka apasuliwe ndani ya siku mbili. Ubishi ulikula siku nne! Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, na kesho yake akasimama kwa fremu, akimgombeza muuguzi. Aliishi miaka mitatu zaidi, akienda sokoni kwa mkongojo.

Vijana, mzee akianguka, mkaona mguu umefupika na wayo umelalia nje, msimvute wala msimkande. Mlazeni juu ya kitu kigumu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akirudi, ulizeni dawa ya mifupa, maana nyonga ya pili nayo ni ile ile sifongo.

Maswali ya kitabibu nawaachia wenzetu madaktari walioketi mbele. Ya wajomba niulizeni mimi.