Jinsi Wafungwa Walivyopungua Katika Nchi ya Ufini



Watu wengi hudhani kwamba magereza yakijaa, ni dalili kuwa waovu wamezidi katika nchi. Habari za Ufini, nchi iliyoko kaskazini mwa Ulaya, zaonyesha kwamba jambo hili si jepesi hivyo.

Ufini ilipata uhuru wake kutoka Urusi mwaka 1917, na mwaka uliofuata wananchi wakapigana wao kwa wao. Kisha, kati ya mwaka 1939 na 1944, ikapigana na Urusi ya Kisovieti mara mbili. Ilitoka vitani ikiwa maskini, nayo ingali ikitumia sheria ya jinai ya mwaka 1889. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kila watu 100,000, karibu 200 walikuwa gerezani. Majirani zake, yaani Uswidi, Norwei na Denmark, walikuwa na 50 hivi tu.

Je, Wafini walikuwa waovu mara nne kuliko jirani zao? La, hasha. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba tofauti kubwa haikuwa katika wingi wa makosa, bali katika urefu wa vifungo. Mmoja wa wataalamu hao alikuwa Bibi Inkeri Anttila, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria.

Basi sheria zikarekebishwa moja baada ya nyingine. Mwaka 1969 kulewa hadharani kuliacha kuwa kosa la jinai, na watu waliokuwa wakifungwa kwa kukosa pesa za faini wakapungua sana. Mwaka 1972 adhabu za wizi zilipunguzwa. Baadaye mahakimu walipewa nafasi zaidi ya kutoa kifungo cha masharti, ambacho mtu hakitumikii gerezani asiporudia kosa. Faini nazo, tangu mwaka 1921, hupimwa kwa kipato cha mtu, ili tajiri na maskini waumie sawasawa. Katika miaka ya 1990 ikaongezwa adhabu ya kufanya kazi ya manufaa kwa umma bila malipo, badala ya kifungo kisichozidi miezi 8.

Wauaji na watu wa hatari waliendelea kufungwa. Hata hivyo, kufikia mwisho wa miaka ya 1990, katika kila watu 100,000 wafungwa hawakuzidi 60. Baada ya hapo idadi ilipanda kwa miaka michache, kisha ikashuka tena baada ya mwaka 2005.

Wako watakaouliza: je, wezi hawakupata nafasi ya kuiba zaidi? Swali hili ni la haki, maana aliyeibiwa naye ana machungu yake. Makosa yaliongezeka kweli katika miaka ile, lakini yaliongezeka vilevile kwa majirani, ambao idadi yao ya wafungwa haikubadilika sana. Kwa hiyo haikuonekana kwamba kupunguza vifungo ndiko kulikoleta makosa.

Kenya nayo ilitunga Sheria ya Huduma kwa Jamii mwaka 1998. Kwa sheria hiyo, mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 aweza kuamriwa na mahakama kufanya kazi ya umma, huku akilala nyumbani kwake. Faida yake ni rahisi kufahamu. Mtu akifungwa miezi mitatu kwa kosa dogo, shamba lake halilimwi, karo ya watoto haipatikani, na wakati huohuo umma wamlisha. Tena gerezani hukaa pamoja na wezi waliobobea, akajifunza asiyoyajua.

Gereza ni lazima liwepo kwa ajili ya wale ambao raia hawana budi kukingwa nao. Lakini Wafini walitambua kwamba nchi yenyewe, kwa sheria zake na mahakama zake, ndiyo inayochagua idadi ya watu itakaowafunga.