Kumkumbuka Mzee Wetu, Fundi wa Mogitu



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache juu ya mzee wetu aliyetutoka mwaka huu. Mabinti zake wameomba jina lake lisichapwe katika kitabu cha maadhimisho, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Tunalitii ombi hilo bila taabu, maana kutoka Mogitu hadi Katesh watu walimwita kwa neno moja tu: Fundi.

Baba zetu sisi wenye maduka walivuka bahari kutoka Gujarat na mizani na daftari. Baba yake alivuka bahari hiyo hiyo na sanduku la vyombo vya kazi, na sanduku hilo ndilo alilomrithisha mwanawe. Pale Mogitu, chini ya Mlima Hanang, alitengeneza cherehani, baiskeli, karabai na redio, na zaidi ya yote injini za mashine za kusaga.

Wenye umri wetu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, ambapo spea haikupatikana kwa fedha wala kwa kubembeleza. Kule Basotu mashamba ya ngano ya NAFCO yalikuwa na mitambo mikubwa na msaada wa Kanada. Lakini mama wa kijijini alitegemea injini moja chakavu, nayo ikinyamaza, alirudi kwenye kinu na jiwe. Fundi alikata gasketi kutoka katika boksi la katoni na kuiloweka katika oili. Alichonga bushi kutokana na kipande cha shaba kuukuu. Aliyemletea kitu huku amekata tamaa aliambiwa, “Hakijaharibika chote,” na kazi ikaanza. Malipo yakawa debe la mahindi, au kuku, au ahadi.

Nyumbani alikuwa mtu yule yule. Mkewe alipopooza upande mmoja, Fundi aliihamisha meza yake ya kazi, akaiweka chini ya dirisha la chumba cha mgonjwa, ili mama yule amwone na aweze kumwita. Ikawa hivyo kwa miaka tisa. Alijifunza kupika rotli akiwa mtu mzima. Zile za kwanza, alitusimulia mwenyewe, zilikuwa na umbo la ramani ya Tanzania, pamoja na Ziwa Viktoria palipotoboka. Alimchana mkewe nywele kila asubuhi kabla ya kushika spana. Mabinti zake watatu walisoma shule za bweni, na siku ya wazazi ilipofika, yeye alikuwa ndani ya basi la alfajiri, kanzu ya kazi ameiacha nyumbani, harufu ya grisi imemfuata.

Mikono ilipoanza kutetemeka alifunga karakana. Sanduku la baba yake alimkabidhi kijana wa Kiiraqw aliyemfunza kazi tangu utotoni.

Sasa, ndugu zangu, tuseme jambo lisilo rahisi kusemwa siku ya furaha.

Kila Diwali sisi huleta hekaluni chopda zetu, vitabu vya hesabu, viombewe baraka. Yeye siku ya Dashera alileta spana moja, ameifuta vizuri na kuifunga katika kitambaa chekundu. Tulitabasamu. Tulimwona mtu wa grisi, tukajiona watu wa karatasi. Jenereta la hekalu lilipozima usiku wa karamu, tulimwita yeye. Alipomaliza kunawa mikono, sisi tulikuwa tumekwisha kula. Hakuna mwaka tuliomwomba akae katika Halmashauri. Siku ya kumi na tatu ya msiba wa mkewe, tuliofika kutoka hekaluni hatukuzidi sita. Wairaqw, Wabarbaig na Wanyaturu wa Mogitu waliujaza uwanja wake.

Baada ya kufariki kwake mabinti waliifungua daftari ya madeni. Madeni ya majirani wengi yalikuwa yamepigwa mstari: mjane fulani, mwenye baiskeli fulani, hakuna kudaiwa. Lakini kuna ukurasa wenye jina la duka letu. Tulitengenezewa jenereta mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, nasi tukasema tutapitisha fedha wiki ijayo. Deni hilo hakulipiga mstari. Alijua nani ameshindwa kulipa na nani amesahau.

Tulikwenda kulipa, kwa hesabu ya fedha ya leo. Binti mkubwa hakuzipokea mkononi mwake. Alimwita yule kijana aliyerithi sanduku, akamwambia achague vyombo alivyopungukiwa. Tulirudi mjini tukiwa tumelipa fedha tu. Lile jingine bado tunadaiwa.

Kwa hiyo tunaleta ombi, Ndugu Mwenyekiti. Lile bamba la marumaru mlangoni lina majina ya waliotoa fedha za ujenzi, na la kwetu limo. Hatuombi jina la Fundi liongezwe, kwa sababu hakulitaka. Tunaomba chini yake uongezwe mstari mmoja: “Na wote waliotoa kazi ya mikono yao.” Na karamu ya jioni hii itakapoandaliwa, majirani wa Mogitu na yule kijana waketi safu ya mbele, wale wa kwanza. Sisi tutagawa chakula.

Mungu aipumzishe roho yake kwa amani. Om Shanti, Shanti, Shanti.