Nimwambie Nani Nyumbani?

(Mazungumzo ya muuguzi mmoja na wanafunzi wa sekondari, Kinyala, wilayani Rungwe)

Leo tuongee jambo ambalo huku kwetu mzazi na mtoto hawalizungumzi. Msichana akishika mimba akiwa shule, amwambie nani?

Kule Marekani, majimbo mengi yana sheria kwamba binti wa chini ya miaka 18 kwa kawaida hawezi kutoa mimba mpaka mzazi akubali au aarifiwe. Tangu mwaka 2022 majimbo mengine yamepiga marufuku karibu kabisa.

Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu inaruhusu mimba itolewe kuokoa maisha ya mama tu. Nje ya hapo, anayemtoa mwanamke mimba anaweza kufungwa miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na anayempa dawa au vifaa miaka 3. Hata baba na mama wakikubali, sheria ni ile ile.

Sasa mtasema, "Kama ni hivyo, kuna haja gani ya kumwambia mzazi?" Ipo, tena kubwa.

Niliwahi kumpokea msichana wa kidato cha pili. Alikunywa dawa za mitishamba alizopewa na rafiki yake, akavuja damu siku tatu chini ya blanketi. Nyumbani alisema ni malaria. Alipoletwa, hali ilikuwa mbaya. Tukamtibu, akapona. Mama yake alilia pale nje, akaniambia, "Sista, ningefoka siku mbili. Ya tatu ningempeleka kliniki mwenyewe." Binti alikuwa hajui hilo. Alichokuwa anakijua ni fimbo ya baba yake.

Kwa hiyo shikeni haya. Kama mama haambiliki, yupo bibi, shangazi, au mwalimu unayemwamini. Mtu mzima mmoja anatosha kuanza, naye anaweza kukusemea kwa baba. Na shule siyo mwisho: tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu aliyejifungua arudi darasani.

Ukiona damu nyingi, homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya, au umezimia, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali, useme kweli ulichotumia. Matibabu ya mimba iliyoharibika yapo, hata kama iliharibiwa kwa makusudi. Kazi yetu ni kutibu na kutunza siri.

Na ninyi wavulana msicheke. Tangu 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30. Wengi wanamwambia msichana "kaitoe" kwa sababu wanajiogopea wenyewe.

Wazazi mtakaosoma haya, swali moja tu: mtoto wako anajua utafanya nini siku ya tatu? Mwambieni mapema, kabla hajapata shida.

Haya, maswali. Anayeona haya aandike kwenye karatasi, asiweke jina.