Yubile na Mfungwa wa Lokitaung
Hotuba ya kamati ya kwaya katika ibada ya shukrani, Katilu



Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama, vijana, waimbaji wenzetu, na ninyi wageni mliotoka Kainuk, Lokichar, Lodwar na Kakuma: kwa niaba ya kwaya tunawakaribisha katika yubile yetu ya miaka 50. Keki iko, na sare mpya mmeziona. Lakini kabla ya hayo tumepewa nafasi ya kumkumbuka mtu mmoja ambaye hakuimba katika kwaya hii, wala hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa askari, akawa mhubiri, kisha akafungwa hapa hapa Turkana. Jina lake ni Bildad Kaggia.

Kwa nini yeye? Kwa sababu ya neno lenyewe, yubile. Tukifungua Mambo ya Walawi sura ya 25 hatukuti keki wala sare. Tunakuta kwamba ardhi iliyopotea inarudi kwa wenyewe, na aliyejiuza kwa umaskini anaachiliwa arudi kwa jamaa yake. Baragumu ilipigwa nchi nzima ili maskini asikie kwamba siku yake imefika. Kaggia aliyadai mambo hayo karibu maisha yake yote, na yalimgharimu sana.

Alizaliwa mwaka 1921, akasoma katika shule ya misheni huko Murang'a. Alifaulu kwenda Alliance High School, lakini karo ikakosekana. Wazazi mlioko hapa mnaijua habari hiyo. Akaajiriwa kuwa karani, na Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto akaingia jeshi la Mwingereza. Jeshi lilimpeleka Mashariki ya Kati, akaiona nchi takatifu kwa macho yake, na baadaye akafika Uingereza.

Huko nje kijana huyu wa misheni alitambua jambo. Kule Injili ilikozaliwa, watu hawakumwabudu Mungu kwa namna ile ile aliyofundishwa nyumbani kuwa ndiyo pekee. Akaanza kutenganisha Neno la Mungu na desturi za waliolileta. Aliporudi Kenya baada ya vita hakwenda kutafuta kola ya kasisi. Alianza kuhubiri akiwa mtu wa kawaida, akiwaambia watu wake kwamba mila za Kizungu si sehemu ya wokovu, na kwamba Mwafrika anaweza kumwendea Mungu bila kuomba ruhusa ya mtu wa kutoka ng'ambo. Wengi walimfuata, na watu wakaliita kundi lake Dini ya Kaggia.

Hakuwa peke yake katika njia hiyo. Kwa majirani zetu Uganda, Reuben Spartas Mukasa, aliyekuwa askari wa KAR, alianzisha Kanisa la Orthodox la Kiafrika mwaka 1929, na baadaye akapewa upadri. Mtu aliyevaa magwanda, akalala katika mahema yale yale na watu wa mataifa mengine, hakubali tena kwa urahisi kuambiwa kwamba yeye ni mtoto mbele za Mungu.

Tunajua wako hapa watakaouliza: je, kwaya inamsifu mtu aliyewapinga wamisionari? Wapendwa, sisi hatuwezi kuwadharau waliotujengea shule na zahanati. Si lazima tukubaliane na kila alichofundisha Kaggia. Tunachotaka mkione ni kile alichofanya na imani yake alipokutana na njaa ya watu.

Maana wanajeshi walirudi nyumbani na kukuta mambo mawili. Wazungu waliopigana vita ile ile walisaidiwa kupata mashamba katika nyanda za juu. Mwafrika aliyepigana pamoja nao hakupewa shamba. Kaggia akaona kwamba hawezi kuhubiri juu ya mbinguni akanyamaza juu ya udongo. Akaingia katika vyama vya wafanyakazi, kisha akawa kiongozi wa KAU jijini Nairobi. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ilipotangaza hali ya hatari, alikamatwa.

Kesi ilisikizwa Kapenguria, mji ambao sisi hupita jirani yake kila tukienda Kitale. Washtakiwa walikuwa sita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Tarehe 8 Aprili 1953 walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa, hata hivyo akaendelea kuzuiliwa. Wengine wakaletwa Lokitaung.

Hapo ndugu zetu wa Turkana tusimame kidogo. Kwa nini Lokitaung? Kwa sababu wakati ule Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali. Mkoloni hakuhitaji kujenga ukuta mrefu. Jangwa letu na jua letu vilitosha. Yaani nchi ambayo Mungu alitupa tulishe mifugo na tulee watoto, wao waliihesabu kuwa adhabu. Na mpaka leo wako watumishi wa serikali wanaolia wakipata barua ya kuhamishiwa huku. Sisi tunaoimba kando ya mto Turkwel tunajua kwamba hii si nchi ya adhabu. Ni nyumbani.

Lokitaung pia alikuwako Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, ambaye alipigana Burma akiwa askari wa KAR. Fikirini: wanajeshi wawili waliolitumikia jeshi la Mfalme wa Uingereza, sasa ni wafungwa wa serikali ya Uingereza hiyo hiyo. Hawakunyamaza. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung kuhusu hali yao ilitoka katika gazeti la The Observer la London. Kifungo kilipokwisha mwaka 1959 hawakuachiliwa. Walihamishiwa Lodwar wakae chini ya ulinzi. Kaggia alipata uhuru wake mwaka 1961.

Mwaka 1963 alichaguliwa mbunge wa Kandara, akawa Waziri Msaidizi wa Elimu. Hapo ndipo jaribu kubwa lilipomkuta, kubwa hata kuliko gereza. Alikuwa na gari, mshahara na marafiki wakubwa. Lakini aliendelea kudai kwamba wasio na ardhi, na wale waliopigania uhuru, wapewe ardhi bila kuuziwa. Mwaka 1964 akapoteza kazi serikalini. Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara huko Kandara, Rais Kenyatta alimuuliza mbele ya watu amejifanyia nini yeye mwenyewe, hali wenzake waliofungwa pamoja naye wana mali. Mwaka 1966 akajiunga na KPU ya Oginga Odinga, akapoteza kiti chake, na baadaye akafungwa tena, safari hii na serikali ya Kenya huru. Alifariki tarehe 7 Machi 2005, akiwa mtu wa maisha ya kawaida.

Swali lile la Kandara lilikusudiwa kumwaibisha. Kwetu sisi waumini ni heshima. Mtu aliyekaa karibu na chungu cha nyama, akatoka mikono ikiwa safi, ni ushuhuda unaohubiri kuliko mahubiri mengi.

Leo swali hilo limefika Katilu. Mafuta yamepatikana hapo Lokichar. Tuna kaunti na bajeti yake, tuna mashamba ya kunyunyiza maji ambayo kila mtu anayatamani. Tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii, lakini sheria haisomi jina lako ikiwa hukuandikishwa. Watu wataulizana: wewe umejifanyia nini? Kwaya itaimba upande gani?

Kwa hiyo tunaomba yubile hii isiishie kwenye sahani. Tuna maombi matatu. La kwanza, tunaomba kanisa lituruhusu kwenda gereza la Lodwar kuimba na kuomba na wafungwa, maana nchi hii ilifanywa gereza na sisi tunataka iwe mahali pa kufunguliwa. La pili, sehemu ya harambee ya leo ilipe madeni ya dukani ya wajane wa kanisa hili. La tatu, wazee wetu wakae na kila familia yenye mgogoro wa kipande cha shamba kwenye mfereji, hasa pale mjane au yatima amesukumwa pembeni, mpaka haki yake irudi.

Hayo yakifanyika, waimbaji, sauti zetu zitakuwa ile baragumu ya Walawi. Yasipofanyika, tutakuwa tumekata keki tu.

Mungu aibariki kwaya yetu, aibariki Katilu na Turkana yote. Amina.