Gia za Baiskeli Zinapokataa Kuingia

Leo tutazungumza habari za baiskeli. Watu wa Nangara, katika mji wa Babati, watatuelewa upesi. Mtu atokaye huko kuelekea Dareda, na gunia la mahindi nyuma yake, huijua thamani ya gia njema kabla hajaukaribia ukuta wa Bonde la Ufa.

Baiskeli za gia moja zingali nyingi, wala hatuzidharau. Lakini siku hizi zimeenea zile zenye gia sita au saba katika gurudumu la nyuma. Tangu mwaka 1984, kampuni ya Shimano ya Japani ilipotoa gia zinazolia "tik" kila zibadilishwapo, kazi ya mpandaji imekuwa nyepesi. Illa kila mlio sharti ulingane na gia yake, na kinachoulinganisha ni waya.

Hapo ndipo watu wengi wapotezapo fedha. Gia ikikataa, huambiwa wanunue mkono mpya, yaani kile chuma kinachoning'inia chini ya gia za nyuma, na kumbe waya umelegea tu! Basi tundikeni gurudumu la nyuma kwa kamba katika tawi la mti, lizunguke bila kugusa chini. (Kuipindua baiskeli miguu juu ni desturi, lakini usukani huwa taabu kuufikia.) Zungusheni pedeli, badilisheni gia moja moja. Cheni ikisita kupanda gia kubwa, waya umelegea. Pale waya unapoingia katika mkono pana nati ndogo ya kuzungushwa kwa vidole: mkiitazama kutoka nyuma, izungusheni kinyume cha saa nusu mzunguko, kisha mjaribu tena. Ikisita kushuka gia ndogo, waya umekazwa mno, au vumbi limejaa ndani ya ala yake. Na vumbi la kiangazi cha Babati halihitaji kuelezwa. Oili iliyochanganyika na vumbi hilo hula chuma kama msasa, kwa hiyo futeni cheni kwanza, ndipo mtie oili kidogo.

Ziko pia skrubu mbili, mara nyingi zimeandikwa H na L. Hizi hazikazi waya. Ni mipaka ya mkono tu, nazo zisiguswe ovyo. L huuzuia mkono usizielekee spoku. Ikilegezwa mno, cheni itaruka gia kubwa na kuingia katika spoku. Gurudumu litashikwa ghafula, na mtu ataanguka pamoja na mzigo wake, na mara nyingi ni mlimani, kwa kuwa gia kubwa ndiyo ya mlimani. Kwa hiyo, cheni ikiwa juu ya gia kubwa, sukumeni mkono kwa vidole kuelekea spoku. Ukipita gia ile, kazeni L kidogo kidogo mpaka ukome.

Baiskeli iliyoangukia upande wa kuume yafaa itazamwe kutoka nyuma: kipande cha chuma kinachoushika mkono kikiwa kimepinda, hakuna nati itakayosaidia mpaka fundi akinyoshe. Na cheni ikiruka meno mnapokanyaga kwa nguvu, ipimeni kwa rula. Pini 24, mkianza kuhesabu baada ya ile ya kuanzia, zapasa kuwa inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunueni cheni mpya mapema, kabla ile ya zamani haijayala meno ya gia.