Kabla ya Mche, Kuna Kisiki



Kila yanapotajwa mabadiliko ya tabianchi, mtu wa kawaida hujiuliza: mimi mwenye heka zangu tatu, mimi mama wa gengeni, nitafanya nini mbele ya jambo kubwa namna hii? Ana haki ya kuuliza. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Walioichafua anga wako mbali, lakini mvua inapochelewa, mahindi yanayokaukia shambani ni ya kwetu.

Basi nasema hivi: jibu la swali hilo tunalo hapa hapa nyumbani, Shinyanga, na waliolitoa ni wazazi wetu.

Mwalimu Nyerere aliwahi kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania, na hakuwa ametia chumvi. Kuanzia miaka ya 1920, enzi za mkoloni, mapori yalifyekwa ili kumaliza mbung'o. Miti mingine ikakatwa ili kwelea kwelea wakose pa kulala. Pamba ikashamiri, ikataka mashamba mapya, na ng'ombe nao wakaongezeka. Miaka ya 1970 operesheni ya vijiji ikawahamisha watu kutoka kwenye maboma yao, na malisho waliyokuwa wakiyatunza yakabaki bila mwenyewe. Ikafika mahali akina mama wanapikia mabua ya pamba na samadi, kwa sababu kuni hakuna.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Norway ikasaidia, na watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF wakaingia kazini. Mwanzoni nguvu kubwa ilielekezwa kwenye vitalu na miche. Lakini kilichokuja kuibadilisha Shinyanga kilikuwa jambo ambalo Wasukuma walilijua tangu zamani: ngitili.

Mzee wa Kisukuma hahitaji kuelezwa, ila kwa kijana aliyekulia mjini nitaeleza. Mvua zikianza, familia au kijiji hutenga eneo na kulifunga. Ng'ombe haingii. Nyasi zinakua, vichaka vinanyanyuka. Kiangazi kikikaza, nyasi zimekwisha kwingine kote, ngitili inafunguliwa, na wa kwanza kuingia ni ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wanaokamuliwa. Huo ndio ulikuwa mpango. Na eneo likifungwa miaka kadhaa, visiki vya migunga vilivyoonekana vimekufa huchipua, kwa sababu mizizi iko hai chini ya ardhi. Mche wa kitaluni unataka kumwagiliwa kila siku, lakini kisiki mzizi wake umekwisha kufika kwenye unyevu. Kinachotaka ni kuachwa.

Sikiliza matokeo yake. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji 833. Watafiti waliopiga hesabu wakati huo walikuta kwamba kuni, nguzo, asali, dawa, matunda ya porini, malisho na nyasi za kuezekea vilimpa kila mtu faida ya wastani wa dola 14 kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini yalikuwa kama dola 8 na nusu. Miti ile ile ilikuwa inavuta hewa ukaa kutoka angani na kuyashika maji ya mvua ardhini.

Iliwezekanaje? Askari wa misitu wasingetosha kulinda vijiji 833. Watu walikaa kwenye dagashida, mkutano wao wa jadi, wakakubaliana mipaka na faini. Sungusungu, wale wale walioanza kwa kupambana na wezi wa ng'ombe, wakalinda na miti. Aliyeingiza mifugo kwenye ngitili ya mwenzake alijua atalipa, na alijua atalipa mbele ya majirani zake.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo ninapotaka tukaze. Tunapozungumzia wajibu wa mtu wa kawaida, mara nyingi tunaishia kumwambia: panda mti. Kupanda ni kuzuri. Lakini mche usio na mlinzi unaliwa na mbuzi kabla kiangazi hakijaisha. Shinyanga ilirudisha uoto wake kwa makubaliano kwanza, miti ikafuata.

Sasa tutazame upande wa dhahabu. Wilaya ya Bukombe ilikuwa mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012, mkoa wa Geita ulipozaliwa, kwa hiyo historia ya HASHI ni ya watu wake pia. Nenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, chungulia ndani ya duara. Utaona magogo yamepangwa pande zote nne, moja juu ya jingine, kutoka mdomoni kwenda chini. Hayo ndiyo matimba. Yanazuia udongo usiwafukie vijana walioko chini. Unyevu unayaozesha, yanabadilishwa, na mengine yanakatwa. Hakuna mwenye huruma atakayemwambia mchimbaji ashuke bila matimba. Ni uhai wake. Lakini mwenye duara anaweza kuulizwa: matimba haya yametoka wapi, na wewe umetenga shamba gani la miti ya kutoa matimba ya kesho? Kikundi cha wachimbaji kinachogawana mawe kinaweza pia kuchangia heka chache za miti. Na duara likiishiwa, lifukiwe, ili ardhi ipate kuota tena.

Halafu mkaa. Katika tanuri letu la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni mara nyingi hazitoi hata kilo 20 za mkaa. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Anayeweza kujaza mtungi wa gesi, na ajaze. Asiyeweza bado, atumie jiko banifu, aloweke maharage tangu usiku na afunike sufuria. Gunia litakaa siku nyingi zaidi, na pesa itabaki nyumbani.

Shambani nako wazee walijua kujihami. Mtama na uwele huvumilia pale mahindi yanaposhindwa. Viazi vikivunwa vingi, vianikwe michembe, vichemshwe na kukaushwa matobolwa, viwekwe akiba ya miezi ya njaa. Kijana asikionee haya chakula hicho.

Namalizia na kazi moja. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji nafasi ya kutenga ardhi yake na kuhifadhi msitu wake. Kwa hiyo mkutano ujao usikose. Nyoosha mkono, uulize mambo matatu. Ngitili za kijiji chetu ziko wapi, na mipaka yake inajulikana? Nani anazilinda, na faini zinakwenda wapi? Na eneo gani tutalifunga mvua zijazo? Usikubali kikao kifungwe kabla majibu hayajaandikwa kwenye muhtasari. Wazazi wetu walianza na hekta 600 na mkoa ulioitwa jangwa. Sisi tunaanza na zaidi ya hapo, na hatuna udhuru.